Gego la juu likishang'olewa: wiki mbili za kuchunga pumzi

Chai ilinitokea puani. Sikuwa nacheka wala sikupaliwa. Nilikuwa nimeketi zangu kimya barazani kwetu Likoni, Mombasa, asubuhi ya pili baada ya kung'olewa gego, nikapiga funda moja la chai ya maziwa, na nusu ya funda lile likatokea tundu la kushoto la pua, likanichuruzika mpaka mdomoni. Mke wa ndugu yangu akanitazama, akanitazama tena, akasema, "Shemeji, hiyo ni chai?" Ilikuwa chai. Hata iliki yake niliinusia kwa ndani.

Gego lenyewe lilikuwa la juu, la sita ukihesabu kutoka jino la katikati. Nilitoka kliniki na shashi mdomoni na maagizo mawili: usile upande huo, na meza hizi dawa za maumivu. Pua haikutajwa. Basi ndani ya feri nikawa nasimama ukingoni natema mate ya damu baharini kila dakika, najiona mtu msafi. Usiku mafua yaliyokuwa yakininyemelea yakafika, nikapenga kamasi kwa nguvu mara nne au tano, na mara ya mwisho nikasikia kitu kimefanya "pu" ndani ya shavu. Nikageuka upande, nikalala.

Yafuatayo ndiyo niliyotakiwa kuambiwa siku ile. Mengi nimeyapata kwa daktari wa pili, mama mmoja mtu mzima, aliyeniziba lile tundu huku akinigombeza kama mwanawe. Daktari wako akikwambia vingine, mfuate yeye. Yeye ndiye aliyeliona shimo lako, mimi sikuliona.

Jino na pua wamejuana wapi

Ndani ya kila shavu, chini ya jicho na juu ya magego, kuna chumba cha hewa tupu. Ndicho tunachokiita sainasi, ingawa watu wengi wakisema "nina sainasi" humaanisha ugonjwa wake. Kwa mtu mzima chumba hiki huingia mililita 10 hadi 15, kama vijiko viwili au vitatu vya chai vya maji. Kina mlango mmoja mdogo unaofungukia ndani ya pua, na mlango wenyewe uko juu karibu na dari, hauko sakafuni. Ndiyo maana kamasi za humo hazimwagiki zenyewe. Husukumwa juu polepole na vinywele vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Mafua yakiuvimbisha ule mlango, chumba kizima kimefungwa.

Sakafu ya chumba hicho ndiyo dari ya magego. Gego la juu kwa kawaida lina mizizi mitatu, na ncha zake hutenganishwa na sainasi kwa mfupa mwembamba tu. Kwa baadhi ya watu hata mfupa haupo, ni utando peke yake. Chukua yai lililochemshwa ulimenye taratibu: ganda ndilo mfupa, na ile ngozi nyeupe nyepesi iliyo chini ya ganda ndiyo utando. Jino likivutwa, mara nyingine hung'oka na kipande cha ganda, na mara nyingine ngozi nayo huchanika.

Tundu likiwa dogo, chini ya milimita 2, damu huganda juu yake na mwili ukajifunga wenyewe. Likizidi hapo daktari huweka kidonge cha sponji na kushona. Likipita milimita 5 hivi, huwa ni kuvuta nyama ya ufizi au ya kaakaa kulifunika. Likiachwa wazi kwa wiki mbili tatu, kingo zake huota ngozi, kama sikio lililotogwa likazoea herini, na hapo halitajifunga tena ila kwa upasuaji.

Kwa hivyo mlinzi wako ni lile donge la damu. Nami siku zote nilidhani adui wa donge ni chakula. Adui wake mkubwa ni upepo: ule unaousukuma kutoka puani kushuka, na ule unaouvuta kwa mdomo kutoka chini. Ukishalielewa hilo, masharti mengine yote utayabuni mwenyewe bila kusoma karatasi.

1. Kabla hujaketi kwenye kiti

Uliza kama kuna picha ya eksrei, na mizizi imekaribia sainasi kiasi gani. Mwambie daktari kama una mafua, kama sainasi hukusumbua, kama unameza dawa za kuifanya damu iwe nyepesi au umewahi kutumia dawa za kuimarisha mifupa, na kama una kisukari au presha. Ikiwa una mafua makali na jino laweza kungoja, ngoja. Mafua na pengo bichi la juu havikai pamoja.

Jino likishatoka, kabla hujainuka, uliza waziwazi: "Daktari, pametoboka?" Usione haya. Kutoboka hutokea hata mikononi mwa mabingwa, maana ni umbile la mfupa wako. Baya ni kutoka hujui.

2. Saa ya kwanza na njia ya nyumbani

Bana shashi kwa meno, imara lakini bila kusaga, nusu saa hadi saa nzima. Usiitoe kila dakika mbili kuangalia. Kila ukiitoa wang'oa damu iliyoanza kushika.

Mate yameze. Kama roho haikubali, inama kidogo uyaache yadondoke yenyewe kwenye kitambaa. Kutema kwa nguvu ndiko kulikoniponza mimi. Mtu akitema hukusanya pumzi, hubana mashavu, kisha hufyatua, na donge nalo hufyatuka. Mate mekundu hayakuambii kwamba damu yavuja. Tone moja la damu hupaka rangi mdomo mzima wa mate. Damu ya kweli hujaa mdomoni mara baada ya mara. Hiyo ikija, kunja shashi mpya au kitambaa safi kilicholowa, ubane nusu saa nyingine ukiwa umeketi wima. Isipokoma, rudi kwa aliyekung'oa, na kama ni usiku nenda hospitali kuu ya Makadara au iliyo karibu nawe.

Na jambo moja ambalo kila mtu hujaribu: usizibe pua ukapuliza ili uone kama upepo utapita. Daktari anaweza kulifanya jaribio hilo kwa upole akiwa anaangalia ndani. Ukilifanya mwenyewe mbele ya kioo, waweza kuutoboa utando ambao ulikuwa mzima. Wala ulimi usiende kuchungulia.

3. Usiku wa kwanza

Lala kichwa kikiwa juu, mito miwili au mitatu, upande wa pili wa pengo. Damu kidogo kwenye pua ya upande ule ule, siku ya kwanza au ya pili, haina haja ya kukutisha. Ifute tu. Feni usiielekeze usoni. Joto la Mombasa nalijua, lakini upepo wa feni usiku kucha hukausha pua, na pua kavu huamka na chafya.

4. Pua

Usipenge kamasi kwa wiki mbili. Daktari akikwambia wiki tatu au nne kwa sababu palitoboka, ni hizo. Kamasi zikishuka, zifute kwa kitambaa mlangoni mwa pua. Zilizo nyuma zivute taratibu uzimeze. Najua inakirihisha, nami nilikirihika.

Chafya haizuiliki, wala usiizuie. Kuibana pua wakati wa chafya ni kuuelekeza upepo wote ndani ya shavu. Fungua mdomo wazi, kama unayeshangaa, uiachie chafya itoke mdomoni, ukiweka kitambaa mbele ili usiwamwagie watu. Nilifanya hivyo ndani ya matatu ya Likoni na abiria wa mbele akageuka kunisoma. Nikamwonyesha shavu.

Halafu punguza visababishi vya chafya. Hapa kwetu ni vingi: moshi wa udi na ubani, pilipili inayotwangwa, vumbi la kaskazi, godoro linalokung'utwa asubuhi. Waambie nyumbani udi ungoje, au ufukizwe ukiwa umetoka. Ugoro ni marufuku kabisa. Yale mafuta ya habasoda ambayo wengine wetu hujidondoshea puani kila mafua yakija, nayo yapumzishe, maana hujui yatashukia wapi.

Maji ya chumvi ya puani yale ya dukani, ya kupuliza kidogo tu, mara nyingi huruhusiwa na hulainisha. Dawa za kuzibua pua hufungua ule mlango wa sainasi, na daktari huenda akakuandikia. Lakini zisipite siku 5 bila idhini yake, kwani zikizoeleka pua huziba zaidi kuliko mwanzo. Mwenye presha asizinunue kwa shauri la muuza duka.

5. Udhu na swala

Sijawahi kuliona hili limeandikwa kwenye karatasi ya kliniki yoyote, na nusu ya wanaong'olewa meno mjini hapa wanatawadha mara tano kwa siku. Hesabu mwenyewe. Kila udhu mtu husukutua mara tatu, huvuta maji puani mara tatu, huyapenga mara tatu. Siku moja ni mara 15 za kusukutua na mara 15 za kupenga. Donge gani litahimili?

Daktari wangu ndiye aliyelianza. Alipomaliza kushona aliniuliza, "Waswali?" Nikamwambia naswali. "Basi ukitawadha, hiyo pua niachie mimi wiki mbili."

Nilikwenda kumuuliza imamu wa msikiti wetu, akacheka, akanikumbusha nilichosomeshwa chuoni nikiwa mtoto: kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu tunayoyafuata pwani hii, nguzo za udhu ni 6, na kusukutua na kupandisha maji puani hakumo. Ni sunna. Hata katika josho la janaba ni vivyo hivyo. Kwa mwenye dharura udhu wake umetimia bila hayo. Wanaofuata madhehebu mengine wana maelezo yao, kwa hivyo kila mtu amuulize shehe wake. Ukitaka kubakisha kitu, lowesha kidole upanguse mlango wa pua kwa nje, na mdomoni, saa 24 za mwanzo zikishapita, tia maji kidogo uyaache yamwagike.

Sijda nayo, siku mbili za mwanzo, hukusanya damu kichwani, shavu likapiga kama ngoma. Kama wasikia hivyo au damu inaanza tena, muulize shehe kuhusu kuswali umeketi. Mimi niliswali kitini siku mbili, ya tatu nikarudi chini. Ikiwa ni Ramadhani, dawa za puani na za kumeza zina masuala yake. Yamalize na daktari na shehe kabla ya jino kutoka, kama jino laweza kungoja.

6. Mrija, dafu, mabuyu

Usinyonye chochote. Mrija ni mdogo lakini mvuto wake ni mkubwa, na mvuto huo huo ndio unaolivuta donge. Sasa fikiria dafu. Muuzaji amekwisha lichonga, ametoboa, amechomeka mrija kabla hujasema kitu. Mwambie akumiminie kwenye kikombe. Atashangaa kidogo, atamimina. Miwa ya kutafuna na kufyonza, hapana. Maji ya miwa kikombeni, sawa. Wanywa mnazi kwa mrija, mmesikia.

Mabuyu nayahurumia, lakini hayana njia: kazi yake yote ni kumumunya, kufyonza, kisha kutema mbegu. Dhambi tatu kwa mpigo. Ubuyu wa unga uliokorogwa na maji hauna neno, bila pilipili.

Sigara, shisha na zile za umeme zinaingia hapa pia, na zina ubaya mara mbili: mvuto wa kunyonya, na moshi unaovilemaza vile vinywele vya kupandisha kamasi. Wiki mbili, na kama huwezi, anza na siku tatu za mwanzo zisizo na mjadala. Tambuu, na muguka unaokaa shavuni saa nzima ukishindiliwa, uachwe. Majani na vipande vya popoo huingia shimoni, na kuvitoa hakukosi kunyonya na kutema.

7. Kupuliza

Seredani usiipulize kwa mdomo. Tumia kipepeo, au muite mtoto. Hili halimjii mtu akilini mpaka makaa yazime na wageni wako mlangoni. Puto za sherehe ya mtoto, mpe mwingine. Kupiga mbinja kumwita mtu wa bodaboda, inua mkono. Wapiga zumari na tarumbeta za harusini wana kazi ngumu zaidi, maana hiyo ni riziki. Lakini huwezi kupiga zumari bila kujaza mashavu upepo, kwa hivyo muelezeni daktari kazi yenu kabla ya jino kutoka, apange nanyi tarehe isiyo ya msimu wa harusi.

8. Kula na kusafisha

Siku ya kwanza vilaini na visivyo moto: uji uliopoa, mtindi, ndizi mbivu zilizopondwa, maji kwa wingi. Kahawa chungu ya moto ingoje kesho yake. Kutoka siku ya pili waweza kula mbaazi za nazi zilizoiva sana, viazi vitamu, samaki asiye na miiba, bokoboko ukibahatika kuwa na mtu wa kukupikia. Tafuna upande wa pili. Vya kupasuka, kama mihogo ya kukaanga, bhajia na njugu, viache mpaka pengo lianze kuziba. Wali si mgumu lakini punje zake hupenda shimo kuliko sahani. Papai kula kila siku, kwani kukaza choo ni kubana pumzi kama kuinua gunia.

Saa 24 za mwanzo usisukutue kabisa. Baada ya hapo, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji vuguvugu, mara tatu au nne kwa siku baada ya kula. Tia mdomoni, inamisha kichwa upande huu na huu, fungua mdomo maji yamwagike. Usigogomoe, usiteme. Mswaki piga kama kawaida kwa meno mengine, ukilikwepa pengo, na povu liache lidondoke.

Karafuu na mafuta yake, ambayo bibi zetu wanayaamini na mimi nayaamini kwa jino linalouma, usitie kwenye shimo. Pale pana njia ya kwenda sainasi. Kujifukiza mvuke wenye majani ya mkaratusi huenda kukaipoza pua iliyoziba, lakini kuanzia siku ya pili au ya tatu, daktari akiridhia, na bila kujifunika shuka juu ya sufuria inayochemka. Watu wameungua hivyo.

9. Dawa

Kwa maumivu, paracetamol humtosha mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini: vidonge 2 vya miligramu 500 kila saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Ibuprofen huondoa na uvimbe pia, lakini mwenye vidonda vya tumbo, pumu, ugonjwa wa figo au mimba aulize kwanza. Aspirini usiitumie kwa maumivu haya, kwani huchelewesha damu kuganda. Ila kama unameza kidonge kidogo cha aspirini kwa ajili ya moyo, usikiache kwa hiari yako.

Antibiotiki si ya kila aliyeng'olewa jino. Ukiandikiwa, imalize hata shavu likipoa siku ya tatu. Usipoandikiwa, usinunue kapsuli mbili dukani za rangi mbili kwa sababu jirani alipona nazo.

10. Kazi, bahari, safari

Usiinue vizito wala kuinama sana kwa wiki ya kwanza, na kama palitoboka, mbili. Mbeba mizigo wa soko la Kongowea atasema anakula nini basi. Sina jibu zuri, ila daktari anaweza kuandika barua ya ruhusa, na kazi ya kuhesabu magunia ni bora kuliko ya kuyabeba. Kufua kwa kuinama na kupiga deki, kaa kwenye kibao.

Baharini usizame. Hata kama huruki majini kutoka ukutani pale Mama Ngina, maji ya chumvi yenye mchanga hayafai kuingia puani wala mdomoni siku hizi. Wazamiaji na wavuvi wa pweza wafahamu kwamba ile hila ya kubana pua na kupuliza ili masikio yafunguke chini ya maji ndiyo hasa inayotoboa. Wasirudi majini mpaka daktari aone pamefunga.

Ndege hubadilisha mgandamizo wa hewa inapopaa na inapotua, na chumba chenye mlango uliovimba huumia. Kama palitoboka au pameshonwa, muulize daktari kabla ya kukata tiketi. Ukiwa na haraka ya Nairobi, treni kutoka Miritini itakufikisha siku hiyo hiyo, na haina mrija.

11. Lini urudi mbio

Uvimbe huzidi siku ya pili au ya tatu kisha hupungua. Maumivu hupungua kila siku. Mambo yakienda kinyume na hivyo, rudi. Rudi pia ukiona haya:

- Kinywaji kimetokea puani, hata tone.
- Upepo wapita pengoni ukiongea au ukinywa, au waona viputo vya hewa shimoni.
- Sauti yako imekuwa ya puani ghafla.
- Pua ya upande mmoja tu yatoa uchafu wa njano au wenye harufu, au mdomoni wasikia ladha ya chumvi na usaha.
- Ukiinama shavu lajaa na kuuma hadi chini ya jicho, au una homa.

Uvimbe ukipanda hadi jichoni, ukaona vitu viwili viwili, au kumeza na kupumua kukawa kwa shida, hilo halingoji asubuhi. Ni hospitali kubwa moja kwa moja.

Ukigundua kinywaji kimepita puani, usingoje uone kama litapona. Mimi nilikwenda siku ile ile, na daktari alisema ile saa ndiyo iliyoniokoa, kwani tundu bichi hushonwa vizuri na la zamani hupigana. Unapokwenda, usipenge, usijaribu, usinywe kitu kingine, bana shashi safi pengoni.

Alipiga eksrei kwanza, kuhakikisha hakuna kipande cha mzizi kilichopandia sainasi, kisha akapiga ganzi, akaukata ufizi wa upande wa shavu kidogo, akauvuta kama mtu anayevuta shuka fupi kufunika miguu, akaushona upande wa kaakaa. Shavu likawa limekazana ndani kwa muda, na mpaka leo mswaki wasikia pale panabana. Siku ya 14 nilirudi kutolewa nyuzi. Akatazama kwa taa, akagusa kwa kidole, akaniuliza, "Umepenga?" Nikaapa sijapenga. Akanipa ruhusa ya pua, lakini mrija akaunyima wiki moja zaidi.

Nyumbani shemeji alikuwa ameshachemsha chai. Akanimiminia, akavuta kiti akaketi mbele yangu, na funda zima la kwanza macho yake yalikuwa puani kwangu.